Ndege ya Zakariya

Haya yalimkuta rafiki yangu Zakariya, seremala wa Mji wa Kale. Kwa miaka mingi amekuwa akiunda ndege ya mbao katika chumba cha juu nyumbani kwake. Ni ndege ya mfano tu, lakini mabawa yake yanakaribia kugusa kuta. Injini bado hajaitia.

Jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, alipanda kuchukua msasa. Mara stima ikapotea. Gizani akasikia panga la puani mwa ndege likizunguka, taratibu, kisha kwa kasi.

"Nabiha, uko huku juu?"

"Niko jikoni," mkewe akajibu kutoka chini. "Wafanyani na ndege hiyo? Nyumba yote yatetema."

Madirisha yalikuwa yamefungwa, na upepo ulikuwa ukimpiga Zakariya usoni. Akanyoosha mkono alizuie panga, kazi yake ya miaka isije ikavunjika. Likasimama kabla hajaligusa.

Stima iliporudi, akainama kutazama chumba cha rubani, alichokiziba kwa gundi asubuhi ile. Kioo kilikuwa kimeshika ukungu wa pumzi kwa ndani, na katikati ukungu ulikuwa umepanguswa, mahali pa kutosha jicho moja.