Mlango Usiopimwa

Feni ya pili ilianza kuzunguka kabla Shemsa hajaichomekea waya.

Ilizunguka mara chache, polepole, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi mrefu, kisha ikasimama. Shemsa binti Sleyum alikuwa amepiga magoti sakafuni, bisibisi mkononi, sanduku la kompyuta limelazwa ubavu mbele yake. Alitazama dirishani. Pazia lilikuwa limetulia. Alijiambia kuwa ameigusa kwa kiwiko, akaendelea, kwa sababu kazi aliyokuwa nayo haikumwachia nafasi ya kuogopa feni.

Nyumba ile iko Pangani mjini, upande wa mto, si mbali na kivuko cha Bweni. Aliijenga babu yake, Nawaf bin Marwan, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sasa chokaa ilikuwa inameguka na boriti za mikoko zimeanza kupinda. Kaka yake mkubwa, naye Nawaf kwa jina la babu, alikuwa amepata mnunuzi aliyetaka kiwanja tu. Nyumba ingebomolewa, na mama yao, Bi Rahaf, angehamishiwa katika fleti mjini Tanga. Bi Rahaf aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi na alitaka kutolewa akiwa maiti. Ukoo ulikaa kikao, ukaamua hivi: Shemsa, ambaye amesomea uchoraji wa ramani, alete vipimo kamili vinavyoonyesha kwamba kuta zinafaa kukarabatiwa. Asipovileta kabla ya kikao cha Jumapili inayofuata Maulidi, Nawaf auze.

Shemsa alipiga picha kila ukuta, kila kizingiti cha mlango, kila ufa, maelfu ya picha, ndani na nje. Ipo programu inayoziunganisha picha kama hizo ikajenga nyumba nzima kwenye kioo cha kompyuta, hata mtu akaweza kupima ufa kwa kuunyooshea kidole. Lakini kompyuta yake ndogo ilishindwa kazi hiyo. Kila alipoianzisha ilipata moto, ikazima. Ndipo alipokwenda Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, kwa fundi Tadeo Nehemia.

Tadeo alimtolea kompyuta kubwa ya kazi, nzito kama kinu, ya zamani lakini ya watu waliojua wanachotaka. Madabodi yake, yaani ule ubao unaobeba viungo vyote, ilikuwa na nafasi za prosesa mbili. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za mashine. Moja ilikuwamo, nafasi ya pili ilikuwa tupu. Tadeo akaitafuta ya pili katika kopo la biskuti, akaipata.

"Hizi ni mapacha, dada Shemsa," alisema. "Ukimwekea pacha wa mama mwingine, hawaki. Na kadi za kumbukumbu za upande huu zinamsikiliza huyu tu. Asipokuwapo yeye, zote zinalala."

Kisha, akiifuta ile prosesa kwa kitambaa, alimweleza ilikotoka. Kampuni moja iliyokwisha funga ofisi ilipima kwa mashine hizi vilima vya chokaa upande wa Pongwe, kabla ya kuvilipua kwa ajili ya mawe. Tadeo amezaliwa kambi ya mkonge huko huko. Kimojawapo cha vilima hivyo kilikuwa na pango, na watu wa pale walikuwa wakipeleka ubani na marashi. Kilipimwa, kikachorwa, kikalipuliwa.

"Mimi Mkatoliki, mambo ya mapango siyajui," alisema. "Ila usije ukasema sikukwambia."

Shemsa alicheka. Alimwambia kwamba kama kuna mzimu anayejua kupima chokaa, huyo ndiye anayemtafuta.

Basi akaifunga prosesa ya pili mahali pake, akapaka juu yake ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akakaza feni, akajaza kadi za kumbukumbu pande zote mbili. Mashine iliwaka mara ya kwanza. Ilihesabu prosesa mbili, ikaanza kuzimeza picha bila kulalamika, na Shemsa akashukuru Mungu kwa sauti.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi, jua likianza kulegea, Bi Rahaf huzunguka nyumba na chetezo akifukiza ubani, chumba kwa chumba, kuukaribisha usiku wa Ijumaa. Alipofika chumba cha kazi akaikuta mashine mpya chini ya meza, inavuma. Kwake yeye kilichoingia nyumbani kwa mara ya kwanza ni mgeni, na mgeni hufukizwa. Akainama, akaweka chetezo mbele ya matundu yake. Feni zikauvuta moshi. Hazikuupeperusha, ziliuvuta wote, uzi mmoja mnene, hadi makaa yakabaki meupe.

Hapo ikasikika hodi. Haikutoka mlangoni. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, ya mtu aliyesimama juani muda mrefu.

Bi Rahaf hakufikiri. Mwanamke aliyelelewa vyema hamwachi mtu akiita hodi. "Karibu," alisema, na kutoka siku ile mambo yakaharibika.

Kwanza ilikuwa harufu. Chumba kilinuka ubani bila moto, na chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine, ya popo na mawe mabichi. Kisha Shemsa akafungua kazi iliyokuwa imekamilika nusu, akaona nyumba yao imesimama kwenye kioo, nzuri, kila jiwe mahali pake. Ila katika ukuta wa chumba cha mama yake, ukuta mzima unaopakana na uchochoro, palikuwa na mlango. Mlango huo haukuwapo. Hakuna aliyeupiga picha. Ulikuwa mfupi, hauna kizingiti wala fremu, na ndani yake palikuwa peusi. Aliufuta. Asubuhi aliukuta tena, mpana zaidi, na wakati anautazama alimsikia mama yake akiita: chokaa imeanguka chumbani, bamba zima, mahali pale pale.

Nawaf aliposikia alikuja mbio kutoka Tanga. Hakupandisha sauti. Alisema mashine ina jini, itupwe mtoni, nyumba iuzwe, na Shemsa aache ukaidi ambao sasa unataka kumuua mama. Shemsa alimjibu kwamba prosesa ile ikitolewa, nusu ya kumbukumbu italala na kazi haitakwisha kabla ya Jumapili. Na kwamba anaona ajabu jini huyu na mnunuzi wake kutaka kitu kimoja.

"Unanitania?" aliuliza Nawaf.

"Sikutanii, kaka. Nawahesabu wanaotaka nyumba hii ianguke."

Bi Rahaf mwenyewe ndiye aliyemwita mganga, Mzee Jumbe wa Bweni. Alivuka na kivuko na mkoba wake, akapewa shikamoo, akakaa mkekani. Hata kabla ya kufungua kitabu alinusa, akatikisa kichwa. Alisema jini huyu hakuvamia. Alipiga hodi, akaitikiwa, akafukiziwa. Kwa sheria zao huyo ni mgeni halali. Akatia ubani kidogo sana kwenye makaa, akasoma, na Bi Rahaf, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akaanza kutikisika mabega. Alipofungua kinywa, sauti haikuwa yake.

"Nyumba yangu ilipimwa na huyu," ilisema, na mkono wa Bi Rahaf ukaelekea mashine. "Ikapimwa vizuri, ikavunjwa. Nimekaa tumboni mwake sina pa kwenda. Mmenikaribisha. Nataka chumba."

Mzee Jumbe akamuuliza kwa adabu jina lake. Sauti ikacheka kidogo, haikulitaja. Akamuuliza chumba kipi. Jini akataka chumba cha Bi Rahaf.

Mzee Jumbe alimgeukia Shemsa, akanong'ona kwamba ni afadhali kukubali. Chumba kifungwe, kila Alhamisi kipelekewe chano cha halua na marashi, na nyumba itakaa salama. Wengi wamefanya hivyo, na wanaishi.

"Mama yangu alale wapi?" aliuliza Shemsa.

"Vyumba viko vingi, mwanangu."

"Basi na yeye achague kingine. Hiki kina mwenyewe." Akapiga magoti mbele ya mama yake, akayatazama macho yale yasiyokuwa ya mama yake. "Walioivunja nyumba yako si sisi. Pole. Lakini kuvunjiwa kwako hakukupi ruhusa ya kuvunja. Hupati."

Bi Rahaf alianguka kifudifudi. Alipozinduka hakukumbuka neno, ila mdomo ulikuwa mkavu na ulimi mweupe kwa vumbi la chokaa. Mzee Jumbe alifunga mkoba wake. Alisema amefika mwisho wa ujuzi wake, kwa kuwa hawezi kupatanisha watu wawili ambao wote wamekataa. Mlangoni alimwambia Shemsa jambo moja zaidi: jini asiyetaja jina lake anaogopa kushikwa nalo.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini na mitaa ya Pangani imekuwa mitupu chini ya jua, Shemsa alimpeleka mama yake kwa jirani, akarudi peke yake. Umeme ulikuwa umekatika. Betri ya akiba ililia, ikalia, ikafa; mashine haikuzima. Feni zote mbili zilivuma kwa pumzi moja, kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa, na kwenye kioo ule mlango ulikuwa umekula karibu ukuta wote.

Alielewa la kufanya, nalo lilikuwa dogo na baya. Programu ile huamini picha. Ukuta uliopotea ungerudi kama ungepigwa picha upya, karibu, kila shubiri. Akachukua kamera, akaenda chumbani kwa mama yake.

Alianza kona ya kushoto, akipiga, akisogea, akipiga, na kila aliposogea chokaa ilidondoka begani kwake kama mtu anayemgusa kumwita, na harufu ya popo ikazidi hata akahisi ladha yake kooni, na kutoka chumba cha kazi zile feni zikapandisha sauti mpaka vikombe vya kabati vikaanza kugongana, na alipofika katikati, pale penye mlango ambao haukuwapo, ukuta ulikuwa umelowa na baridi kama jiwe la kisimani, na ulikuwa unapumua, ukija na kurudi, naye akaibakiza kamera katika mkono mmoja, wa pili akaubandika ukutani ajishikize, na nyuma ya chokaa, moja kwa moja chini ya kiganja chake, kitu kikasukuma.

Shemsa hakuuondoa mkono. Alisukuma pia.

"Huu ni ukuta wa Nawaf bin Marwan," alisema. "Anaulalia Rahaf, mkaza mwanawe. Mimi ni Shemsa binti Sleyum. Sote tuna majina. Wewe u nani?"

Akapiga picha, mkono wake ukiwamo.

Alirudi akaziingiza picha, akakaa mbele ya kioo. Feni zilipiga kelele ya chuma juu ya chuma. "Piga kelele," aliiambia, "lakini piga na hesabu. Anayekaa humu anafanya kazi." Mstari baada ya mstari ukuta ulirudi, weupe ukaujaza ule weusi, na wanaume walipoanza kupita mtaani wakitoka msikitini, mashine ilinyamaza yenyewe. Kazi ilikuwa imekwisha. Picha zote zilikuwamo.

Jumapili ukoo uliitazama nyumba ile kwenye kioo, ukaigeuza, ukapima nyufa zake. Kuta zilifaa. Hata Nawaf alikiri, akampigia mnunuzi simu mbele ya wote. Kabla hawajainuka, aliona kiganja cha dada yake ukutani, akatabasamu. Kisha akaigeuza nyumba upande wa uchochoro, akaacha kutabasamu. Upande wa nje, mkabala na kiganja kile, palikuwa na kingine, kirefu, vidole vimekunjuliwa kusukuma.

"Cha nani hiki?" aliuliza.

"Anatafuta chumba," alisema Shemsa. "Hajapewa."

Mafundi wameanza kazi. Prosesa ya pili haijatolewa. Shemsa ana ramani nyingine za kuchora, na mashine haijawahi kuwa na kasi kama sasa. Meza yake ameihamishia chumbani kwa mama yake, akaiegemeza ukuta ule. Bi Rahaf bado hufukiza kila Alhamisi, ila chetezo hakipiti mbele ya feni.

Na kila Alhamisi, makaa yakianza kufifia, ile sauti kavu huita hodi, mara nyingine kutoka kwenye mashine, mara nyingine kutoka ukutani. Bi Rahaf huziba mdomo wake kwa upande wa mtandio, maana adabu ya miaka mingi ni ngumu kuizuia. Shemsa haachi kazi yake. Huuliza tu, bila kugeuka:

"Nani?"

Kisha hungoja. Hadi leo hajatajiwa jina, na hadi leo, katika nyumba ile, hakuna anayesema karibu.