Kisiwa Kinachouzwa Kismayu

Kitu cha kwanza alichokiona Thuraya ni kofia ya Ghalib. Mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

Kaivaa ili aonekane ndugu.

Land Cruiser ya Ghalib ilikata kona ya bandarini. Bajaji ya Thuraya ikafuata. Beretta kiunoni, kinasa sauti ndani ya buibui.

"Yuko wapi?" Mkuu wake, Mahmudi, aliuliza sikioni kutoka Nairobi.

"Anaingia kwa Jaafar."

Jaafar alikimbia vita akiwa mtoto. Sasa alikuwa ametengeneza mchezo wa kompyuta: kisiwa chao cha Chula kabla ya vita, nyumba kwa nyumba, na sauti za bibi waliofia kambini. Wakimbizi waliusubiri kwenye simu zao.

Ghalib alitumwa na Zumaridi, watengenezaji wa mashine za michezo. Walinunua studio moja baada ya nyingine, kisha wakaifungia michezo yake ndani ya mashine yao.

Jaafar aliambiwa pesa za Ghalib ni msaada tu.

Thuraya alisukuma mlango. Mikono ilikuwa imeinuliwa. Walikuwa wakisoma Fatiha ya kufunga makubaliano.

Wakishapangusa nyuso, neno limefungwa. Jaafar havunji Fatiha.

"Usipanguse, kaka Jaafar!"

"We mwanamke, huoni watu wanaomba?" Ghalib alifoka.

"Namwona mmoja anaomba. Mwingine anavua samaki."

Akabonyeza kinasa. Sauti ya Ghalib, ya jana hotelini, ilijaa chumba: "Wakimbizi wa nini? Tukishaununua, simu hazitaupata. Anayetaka kukiona kisiwa anunue mashine yetu."

Mkono wa Ghalib ulikimbilia koti. Beretta ikamgusa shingo.

"Taratibu, sheikh. Hujamaliza dua."

Akamnyang'anya bastola.

Jaafar alishusha mikono bila kugusa uso. "Alinisalimu Kibajuni," alisema. "Basi nikamwona wa kwetu."

"Safi," Mahmudi alisema sikioni. "Sasa atuuzie sisi. Uchezwe kwenye mashine ya kampuni yetu peke yake."

Wezi wawili, mlango mmoja.

"Kaka, mchezo uko tayari?"

"Tangu asubuhi."

"Utume. Bure, kila simu."

Jaafar akabonyeza. Ghalib akatukana. Hapakuwa na cha kununua tena.

Thuraya alitoka juani, akatembea polepole.

"Umefanya nini?" Mahmudi alipiga kelele. "Hao wakimbizi ni nani kwako?"

Miaka yote ofisini Thuraya alijiita mtu wa Mombasa.

"Mimi pia ni mkimbizi, Mahmudi. Tulitoka Chula watu sita. Tukafika Kenya wawili."