Tangazo Lililobanduliwa Bomani

Kila Machi, kabla ya kwenda shule hapa Matiri, nilipanda mlimani kuwapelekea wazazi wangu uji. Baba alifyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba. Mama alizifukia kwa udongo mpaka yakatokea mashimo ya ngolo, mashamba yetu ya maharagwe. Kwetu kazi hiyo ina mipaka: nyasi ni za mume, udongo ni wa mke.

Baba yangu, Romanus, alikuwa Mkatoliki. Mama yangu, Asia, alikuwa binti wa Mwislamu mwenye duka Mbinga mjini. Hakuna aliyekubali kuacha dini yake, kwa hiyo kanisani hawakufungishwa ndoa, wala msikitini. Ilibaki ndoa ya serikali. Mwaka 1984 walikwenda bomani, tangazo lao la kutaka kuoana likabandikwa ubaoni likae siku ishirini na moja.

Siku ya tano baba aliomba libanduliwe. Wenzake wa jumuiya ya kanisani walikuwa wakimcheka: "Romanus, unafungishwa ndoa na karani?" Baba, mtu hodari kabisa, akashindwa na kicheko. Wakaishi hivyo hivyo bila cheti, nami nikazaliwa.

Baba alifariki mwaka 1997, wakati wanunuzi binafsi walipokuwa wakigombea kahawa na kila mbuni kijijini ulidaiwa na watu watatu. Hata kabla matanga hayajaanuliwa, kaka yake Edmund akaja.

"Asia, hapa ulikuwa mgeni wa marehemu," alimwambia mama. "Cheti cha ndoa kiko wapi?"

Baba mkubwa akanigeukia. "Lidia, nitafungua kesi ya mirathi, na mahakamani utasema mama yako alikuwa kibarua. Ukisema hivyo, wewe utabaki hapa na utasoma."

Nilimchukia siku ile, na sitaki kudanganya kwamba nimeacha.

Mahakamani nilisimama mbele ya hakimu. "Shikamoo, mheshimiwa," nilisema. "Kibarua hafukii ngolo za mtu mmoja miaka kumi na mitatu. Baba alipanga nyasi, mama akafukia. Hajawahi kufukia za mwingine."

Hakimu, aliyekuwa mgeni wa wilaya, akauliza maana yake. Mzee Bartholomayo, jirani yetu, akasimama. "Maana yake ni mke, mheshimiwa. Sisi sote tulimwita mke wa Romanus." Huyu ndiye aliyemcheka baba kuliko wote mwaka ule wa tangazo.

Hakimu alieleza kwamba watu wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kuwa mume na mke, sheria huweza kuwahesabu hivyo. Tuliachiwa nyumba na ngolo. Mibuni, kwa kuwa ilitoka kwa babu, ilirudi kwa ukoo, ingawa mama ndiye aliyeipogoa miaka yote. Kesi ilichukua miezi minane. Kwa ajili yake, mwaka huo sikufanya mtihani wa shule.

Nje ya mahakama mwalimu wangu, Albina, alinishika bega. "Umesema kweli, imewaokoa. Lakini kweli yako imefanya kazi ambayo karatasi moja tu ingeifanya. Ukikua, funga ndoa kanisani, msikitini au bomani, ila isiandikwe moyoni tu."

Mama alikuwa akifunga kanga yake upya. "Na wakikucheka, mwanangu, waache wacheke," alisema. "Katika wote waliomcheka baba yako, hakuna hata mmoja aliyekaribia kufukuzwa nyumbani kwake kama sisi."