Nafasi Moja ya Mama

Daktari-Chuma wa Tabora alikuwa na mikono sita, na hakuna hata mmoja uliowahi kutetemeka. Miwili ilishika, miwili ilikata, miwili ilishona, na mgonjwa alirudi wodini kabla chai ya ndugu zake haijapoa. Sharti lake lilikuwa moja tu: hakumgusa mtoto mpaka mzazi aweke kidole kwenye kibao cha kielektroniki kutoa idhini. Aliyeandika sharti hilo ni Mhandisi Milembe, na kwa miaka mitano alilionea fahari.

Leo aliketi mbele ya tume ya uchunguzi akiona haya hata kuitazama picha ya Minza iliyokuwa mezani. Minza alikuwa na miaka minane. Alianguka kwenye bembea ya shule, bandama ikapasuka ndani, na akafika hospitali bado anaongea. Mama yake mzazi alifariki siku aliyomzaa. Aliyemnyonyesha na kumlea ni mama yake mdogo, Kabula, ambaye siku hiyo aliweka kidole kwenye kibao mara kumi na moja. Kibao kilimkataa mara zote. Mashine ile yenye akili nyingi ilisimama na mikono yake sita, ikimsubiri marehemu. Saa mbili baadaye daktari binadamu alifika kutoka Nzega akakuta hakuna tena wa kutibiwa.

Ripoti ya kompaila ilisomwa kwanza. Mwenyekiti alitaka aelezwe kompaila ni kitu gani, na Milembe akaeleza kama alivyowaeleza wanafunzi wake kila mwaka. Ni programu inayosoma maagizo yote kabla mashine haijawashwa. Kila kitu kina aina yake: palipotengwa kwa namba hapaingii jina, palipotengwa kwa mtu mmoja hawaingii wawili. Kisicholingana hukataliwa. Kisha kuna kiolezo, yaani umbo ambalo kila mtoto wa mji huandikwa kwa kulifuata: jina, umri, kundi la damu, na mama mmoja.

“Na kompaila ilisemaje kuhusu kiolezo hiki?” mwenyekiti aliuliza.

“Makosa sufuri.”

“Kuna mtu yeyote aliyewahi kukutahadharisha?”

Milembe aliomba maji. Alikunywa taratibu, maana jibu alikuwa nalo.

Ilikuwa miaka mitano nyuma, katika darasa la wanaoanza, na kiolezo kile kilikuwa ubaoni kama mfano. Nyanzala, msusi aliyeamua kujifunza kazi mpya ukubwani, alinyoosha mkono akasema kwao yeye ana mama watatu, sasa amwandike yupi. Darasa lilicheka. Milembe naye alicheka, akamwambia kompaila haijui mambo ya ukoo, hayo akayaulize matangani. Kubadili nafasi ya mtu mmoja iwe orodha kungemlazimu aandike upya mistari mia tatu, na mashine ilikuwa inazinduliwa Ijumaa. Lililomuumiza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alisomeshwa na mama yake mkubwa. Alijua, na uvivu ukamshinda.

Kabla Milembe hajajibu, Kabula aliinuka kwenye kiti cha nyuma. Aliomba radhi kwa kukatiza. Alisema wasimsumbue mhandisi, kosa ni lake. Cheti cha kifo cha dada yake alikiacha sandukuni siku ile kwa haraka, na pengine angekibeba mashine ingemwelewa. Tangu msiba hakukuwa na siku aliyolala bila kukifikiria kile cheti.

Milembe aliweka glasi chini.

“Hata ungekibeba, dada, kisingesaidia kitu,” alisema. “Nafasi ilikuwa moja. Niliambiwa haitoshi, nikamcheka aliyeniambia.”

Kabula alimgeukia.

“Huyo aliyekuambia alikuwa fundi mkubwa?”

“Hapana. Alikuwa na wiki mbili darasani.”

Kabula hakulia wala hakumlaani, na Milembe alitamani angefanya mojawapo. Mwenyekiti alifunga kikao cha asubuhi, akamwomba Kabula athibitishe maelezo yake. Karani alimletea kibao. Kabula aliandika jina lake polepole kwa kidole, na kwenye nafasi ya uhusiano na marehemu akaandika neno moja: mama.

Kibao kiligeuka chekundu. Kabula hakuwa na miwani. Alitazama huku na huku, kisha akamsogelea mtu aliyekuwa karibu zaidi.

“Kinasema nini, mwalimu?”

Maneno yale Milembe aliyaandika mwenyewe, miaka mitano nyuma, na aliyajua bila kuyatazama. Hata hivyo aliinama juu ya kibao, akamsomea yote kwa sauti.

“Kinasema: aina hailingani. Ingiza mama halisi.”