Fundo Mgongoni mwa Kitabu

Saa tatu asubuhi.

Mlango wa karakana umefungwa kwa ndani. Mjomba alitandaza ramani juu ya meza ya kujalidia vitabu, akaikandamiza kwa chungu cha gundi. Walikuwa watatu tu. Mjomba, mwenye mpango. Nyundo, mvunja makufuli, mabega mapana, maneno machache. Na Gundi, fundi jalidi, mwenye karakana na mwenye hofu.

Windo lilikuwa kitabu cha enzi za mwanzo za uchapaji. Duniani zilisalia nakala mbili. Hii ilikuwa imeazimwa na maktaba ya utafiti kutoka maktaba nyingine, ipigwe picha na kutibiwa. Maktaba hizo zilishirikiana kama ndugu wa tumbo moja: kitabu cha mmoja kikiugua, wote wanapata habari. Mjomba alilicheka jambo hilo. Undugu wa karatasi, alisema, haumfungi mtu jela.

Ufunguo ulikuwa wa bandia. Gundi aliuchongesha kwa kuiba ule wa dada yake, mhifadhi wa vitabu pale maktaba, siku alipokuja kumpikia yeye Gundi, mdogo wake, akiwa mgonjwa.

"Mkitoka, vunjeni kufuli," alisema. "Ionekane wezi ni watu wa nje, wasio na ufunguo. Dada asiguswe."

"Mpwa wangu, yule ni binti wa dada yangu," Mjomba akajibu.

Saa saba mchana.

Wafanyakazi walikuwa wakila. Gundi alisubiri kwenye gari nje ya maktaba, injini inanguruma. Wakatoka wakikimbia. Nyundo alijikwaa ngazini, kifurushi kikamponyoka, mgongo wa kitabu ukapasuka.

"Kufuli?"

"Endesha," Mjomba akasema.

Jioni, Nyundo alimvuta Gundi pembeni. Hakuweza kumtazama usoni. Yeye alitaka kuvunja, alinong'ona, ila Mjomba alimzuia. Alisema polisi wakishapata mtu, hawatafuti mwingine.

Asubuhi dada, mwenye ufunguo, alikuwa mahabusu.

Gundi alilia kimyakimya, uso ukutani. Simu zote alikuwa nazo Mjomba, na bastola alikuwa nayo Mjomba, na mlangoni alilala Mjomba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Saa nne asubuhi.

Mnunuzi alitaka picha ya kitabu, mgongo uonekane. Mjomba akaamuru ushonwe, haraka.

Gundi akachukua sindano. Mjomba alilijua soko la saa na magari. La vitabu hakulijua. Dada alishamsimulia Gundi mara nyingi: hakuna mnunuzi makini wa kitabu cha kale asiyeuliza maktaba kwanza, na picha ikifika maktaba moja, imefika zote. Hata ile iliyoibiwa kitabu. Hata mezani kwa polisi, mbele ya mshukiwa.

Akashona. Mwishoni akafunga fundo la baba, marehemu, la kupita chini mara mbili na kurudi. Baba aliwafundisha watoto wake wawili tu, kwenye meza hii hii. Mjomba alikuwa shemeji wa baba tu, hakuwahi kuketi hapo kujifunza.

"Umependeza," Mjomba akasema, akapiga picha.

Siku ilipita. Ikapita nyingine. Gundi hakula. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimsimamisha, kisha likaenda zake, naye akaketi tena.

Saa kumi alasiri.

Mlango ulivunjwa kwa pigo moja. Mkono wa Mjomba ulikimbilia kiunoni ukachelewa. Askari wakamlaza kifudifudi, shavu kwenye vumbi la karatasi.

"Nani katuuza?" alifoka. Nyundo akatikisa kichwa. Gundi akanyoosha mikono yote miwili mbele, kabla hajaambiwa.

Nyuma ya askari aliingia dada, macho yamevimba, kanga aliyolalia mahabusu bado begani. Hakumtazama mdogo wake. Alikwenda moja kwa moja mezani, akakifungua kitabu taratibu, akapitisha kidole mgongoni hadi penye fundo. Kidole kikabaki pale.

Askari alikuwa akimfunga Gundi pingu.

"Umekaza mno," dada akasema, machozi yakimdondoka. "Baba alikuonya kila siku."