Uso wa Ancízar

Mimi ni Heliodoro Giraldo, mwana wa Crisanto, mjukuu wa Eusebio aliyeinua ukuta wa kanisa la mlimani kwetu, na ambaye neno lake lilitosha kuwa hati. Katika ukoo huo amezaliwa mjukuu wangu Marleny, na yaliyompata nayasema wazi.

Alikutana na Ancízar katika stesheni ya treni ya San Antonio, mjini Medellín, saa ya watu kutoka kazini. Marleny alivaa gauni la njano, kijana akamkanyaga.

"Samahani, mrembo."

"Mrembo ana vidole, bwana! Unaitwa nani?"

"Ancízar Zuluaga."

"Zuluaga wa wapi?" Kwetu hapendwi mtu kabla ya swali hilo.

"Wa Granada, kule milimani. Nikutajie na ng'ombe wetu?"

Marleny akacheka, mapenzi yakaanza.

Mwaka haujaisha, Ancízar akaanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Daktari alisema ni skizofrenia, akamwandikia dawa, kisha akauliza: "Katika ukoo wenu yupo aliyeugua hivi, au aliyetumia dawa hii?"

"Hakuna," alijibu mama yake, macho makavu. Kumbe shangazi yake Ancízar, Ofelia, aliyekakamazwa na dawa hiyo hiyo, alifichwa chumba cha nyuma. Marleny naye hakuambiwa lolote, hata ugonjwa wenyewe.

Sauti zilinyamaza. Lakini uso wa Ancízar uliganda, mikono ikatetemeka.

Marleny akampigia simu. "Jana nilikuvalia lile gauni la njano, ukanitazama kama ukuta. Umenichoka?"

"Sijakuchoka, kipenzi."

"Basi Jumapili uje kwa babu unipose. Njoo na tabasamu lako. Ukija na uso huo, usije!"

Ancízar akaacha dawa ili apate kutabasamu. Jumapili alikuja na suti ya kijivu, akanywa chokoleti yangu ya moto, akatabasamu, akaposa. Nilimkubalia.

Majuma machache baadaye sauti zilimrudia, akakirusha kikombe ukutani. "Mmenitilia sumu!" Akakimbilia barabarani, gari likamvunja mguu.

Hospitalini, Ofelia alipotajwa hatimaye, daktari aliagiza kipimo cha vinasaba. "Ugonjwa huu hauletwi na kinasaba kimoja," alisema. "Ni vingi, kila kimoja na mchango wake mdogo, na maisha huongeza yake. Lakini dawa hii mwili wake huivunja polepole mno, amerithi hivyo. Dozi ndogo ingemtosha. Mngenitajia shangazi, ningempima Ancízar mapema."

Dozi ikapunguzwa, tabasamu likarudi, ila Ancízar hakurudi kwa Marleny. Marleny akamwendea, amevaa gauni la njano.

"Turudiane, mpenzi wangu. Sikujua."

"Najua hukujua. Sauti zote zimeondoka, Marleny, isipokuwa moja: 'Ukija na uso huo, usije.' Na hiyo si ya ugonjwa. Ni yako."

Marleny alirudi peke yake kwa treni.

Vijana, sikieni. Mkiuliza mtu ni wa wapi, ulizeni pia kwao wameugua nini na dawa gani iliwadhuru. Daktari akiwauliza, watajeni shangazi zenu wote. Ukoo wenye heshima hauna chumba cha nyuma. Kaifungueni milango hiyo leo.