Laini Mbili za Fundi Bomba

Alhamisi, tarehe tisa Mei. Tangu alfajiri kulikuwa na manyunyu na ukungu, na maktaba nzima ilinuka makoti yaliyolowa.

"Nguvu za nini, Fundi? Hilo si bomba," Mkutubi aliniambia. "Gusa taratibu."

"Nagusa. Kioo hakinitambui."

"Futa kidole kwanza."

Nikakifuta kwenye suruali. Vidole vyangu vimeshika spana miaka ishirini na miwili, ngozi imekuwa kama gamba, na simu za kupangusa hazinijui. Nikagusa tena. Simu ikanyamaza.

"Inataka kitambulisho chake," alisema Kamanda, mlinzi wa benki niliyesoma naye dawati moja. Waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka.

Siku moja kabla, wakaguzi walikuta nguzo mbili za jengo la madarasa zimepasuka. Jengo likafungwa siku ile ile, na sisi wa masomo ya jioni tukaambiwa kwamba kuanzia Jumatatu saa kumi na mbili tutasomea mtandaoni. Mkutubi alipewa siku tatu za kutuandaa. Ambaye hangekuwa amejaribiwa na kupita hadi Jumamosi saa sita mchana, jina lake lingetolewa kwenye muhula.

Nina miaka arobaini na mitatu. Cheti cha ufundi wa maji nilikuwa nakitafuta kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza mama aliugua, mara ya pili nilianguka kutoka darini. Nilishamwambia Mungu kwamba hii nayo ikishindikana, sitamsumbua tena kwa habari za shule.

Mkutubi alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, hakugusa simu ya mwanafunzi hata mara moja. Alisimama pembeni, mikono mgongoni, ili kidole cha mwenyewe kijifunze. Ya pili, chochote kilichojitokeza kwenye kioo, mwenye simu alikisoma kwa sauti, asije akabonyeza asichokielewa.

Jambo ambalo wenzangu hawakulijua ni kwamba mimi na yeye tulikuwa tunapendana, mwezi wa saba sasa. Tulikubaliana kwamba muhula ukiisha nitakwenda kwao kujitambulisha.

Kioo kikawaka.

"Kuna kitu kimejitokeza juu," alisema. "Kisome."

Nikakisoma, kidole kikifuata mstari, kama mtoto wa darasa la pili. "Kutoka kwa Mume Wangu. Mke wangu mpenzi, leo nachelewa. Mapacha wameshakunywa dawa?"

Kamanda akaangua kicheko hadi akashika meza.

"Fundi, kumbe umeolewa?"

Mkutubi hakucheka. Aliitazama namba iliyoandikwa kwenye fomu yangu, namba ile ile iliyokuwa ikimtumia ujumbe kila jioni kwa miezi saba.

"Njoo huku nyuma," alisema.

Tukaenda nyuma ya kabati la magazeti ya zamani.

"Simu ya mke wa mtu inafanya nini mfukoni mwako?"

"Ni ya dada yangu. Huyo aliyeandika ni shemeji."

"Mwanaume akikamatwa hakosi dada."

"Haki ya Mungu ni dada yangu. Mimi nina ile ya vitufe, ninayokupigia."

"Uliniambia una laini mbili. Moja ya kuongea, moja ya kuandika."

"Ndiyo."

"Basi niandikie," alisema. "Sasa hivi. Kama unavyoniandikia kila jioni."

Nikaishika ile simu. Nikaomba kimoyomoyo, nikagusa herufi ya kwanza. Ikatokea nyingine. Nikafuta. Nikatafuta M, sikuiona. Jasho likanitoka na nje kuna baridi. Alisubiri, mikono mgongoni. Nilipofikisha "Mpe", alivuta pumzi.

"Inatosha. Nani alikuwa ananiandikia?"

"Mimi nilikuwa nasema, dada anaandika."

"'Nikisikia ukifunga dirisha la maktaba, najua siku yangu imefunguka.' Hiyo ulisema wewe?"

Nilitamani kusema ndiyo. "Mimi nilisema nakusubiri nje ukifunga. Hayo mengine aliongeza yeye."

"Na niliyokuandikia mimi, yeye alikuwa anayasoma?"

Nikaigeuza simu, kioo kikatazama chini.

"Hata ule wa hospitali?"

Mwezi wa pili aliniandikia ujumbe mrefu kuhusu mtoto aliyempoteza kabla hajazaliwa, na mwanaume aliyemwacha wodini wiki ile ile. Alisema hajawahi kumweleza mtu, hata mama yake.

"Niambie hakuusoma," alisema taratibu.

"Aliusoma."

Akanipita, akarudi mezani. Nilimsikia akimwambia Kamanda, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Anayefuata. Toa simu, mkono wako ndio utakaogusa."

* * *

Dada alikuwa kwenye cherehani nilipomrudishia simu yake. Nilimweleza yote. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Mimi niliongeza chumvi kidogo tu."

"Uliongeza gunia, Dada."

"Wewe ungeandika nini? 'Habari za jioni, nimeziba bomba la jirani'?"

"Ndiyo. Ingekuwa yangu."

Akang'oa uzi kwa meno. "Ule wa hospitali niliusoma nikalia. Sikumwambia hata shemeji yako. Ngoja nimwandikie, nimwombe radhi. Dakika mbili tu, nitamlainisha huyo."

"Hapana."

"Utaandika wewe? Jumatatu itafika hujamaliza salamu."

"Acha ifike."

"Na mtihani wa Jumamosi? Utajaribiwa kwa simu gani?"

Swali hilo nililala nalo na nikaamka nalo. Ijumaa nilikuwa na kazi ya kubadilisha bomba la maji machafu kwenye nyumba ya ghorofa, na mara mbili nilifunga koki ya kulia badala ya kushoto. Chakula cha mchana kilinishinda. Nikapiga magoti kwenye chumba cha matanki cha nyumba ile, nikasema: "Bwana, sijui nianze kukuomba lipi. Cheti au yeye. Wewe unajua lipi linatangulia." Halafu nikaona aibu, maana nilijua mwenyewe lipi linatangulia.

Jioni nikampigia kwa simu yangu ya vitufe. Iliita hadi ikakata. Nikapiga tena. Safari hii ilikatwa.

* * *

Jumamosi, saa tano na dakika kumi asubuhi, niliingia maktaba mikono mitupu.

"Namba thelathini na saba," alisema bila kuinua uso. Namba yangu ya orodha; si Fundi, wala jina langu.

"Sina kifaa."

Alifungua droo. Chuo kilikuwa kimetoa tableti kumi za kuazima, na ilibaki moja, kioo chake kikiwa na ufa kwenye kona.

"Saini hapa. Kisha kaa, uwashe."

Nikasaini, nikawasha. Alisimama pembeni yangu, mikono mgongoni, karibu kiasi cha kunifanya nisikie harufu ya sabuni yake, na mbali kiasi cha kunifanya nijue nafasi yangu.

"Kioo kinasemaje?"

"Kinasema, chagua neno la siri."

"Chagua. Usinitajie."

Kidole kilikataa. Nikafuta kwenye suruali, kikakataa tena. Saa ya ukutani ikafika tano na nusu. Nilikosea neno la siri mara tatu, tableti ikajifunga kwa dakika kumi.

"Inasema nisubiri," nilisema.

"Basi subiri."

"Mkutubi, kuhusu lile jambo..."

"Soma kilicho kwenye kioo tu."

Tukakaa hivyo, sisi wawili na ile saa. Nilitazama mshale wake mkubwa ukipanda kama maji yanayojaa ndani ya nyumba huku koki sijaiona. Tableti ilipofunguka, saa sita ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili. Nilianza upya, herufi moja moja, nikisali kati ya moja na nyingine. Alikwenda upande wa pili wa chumba, akavaa vidude vya masikio ili anisikilize kupitia mtandao.

"Umeingia. Washa maiki, sema sentensi moja."

"Hapa ni fundi bomba," nilisema. "Naomba unisamehe."

Akaandika kitu kwenye daftari.

"Umesikika. Maiki yako ni nzima." Akavua vile vidude. "Hayo mengine sijayasikia. Umepita, namba thelathini na saba. Dakika nne zimebaki, una bahati."

* * *

Jumapili, baada ya ibada, nilijifungia chumbani na ile tableti. Ndani ya programu ya darasa palikuwa na sehemu ya kumwandikia msimamizi peke yake. Nilianza saa nane mchana. Dada aligonga mara mbili.

"Unaendeleaje?"

"Nipo kwenye mstari wa tatu."

"Wa ukurasa wa ngapi?"

"Dada, nenda."

Karibu saa kumi nikatuma. Ujumbe ulikuwa hivi:

"Mimi ni fundi. Siandiki vizuri. Niliogopa utaniona mjinga nikampa dada kazi yangu. Kukupenda ni kwangu. Maneno matamu ni yake. Ule wa hospitali nilijua ameusoma nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokukosea. Sina cha kujitetea. Namwomba Mungu akufariji."

Jibu lilikuja baada ya dakika moja.

"Nimesoma."

Basi. Nililisoma hilo neno moja kwa sauti, halafu kimyakimya, nikatafuta ndani yake hasira au huruma. Sikupata kitu. Dada aliyekuwa mlangoni akaniuliza amesemaje.

"Amesoma."

"Na halafu?"

"Hakuna halafu."

* * *

Jumatatu, saa kumi na mbili kasorobo, nilikaa kwenye meza ya cherehani, tableti nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo. Dada na shemeji walisimama nyuma yangu. Niliwaomba watoke, wakasema wanashangaa teknolojia.

Darasa likafunguka. Vijumba vidogo vidogo, watu arobaini. Kamanda alionyesha paji la uso tu.

"Kamanda, teremsha kamera," Mwalimu alisema. "Tunafundisha nywele?"

"Mwalimu, hizo zilishastaafu."

Mkutubi alikuwa kwenye kijumba cha juu. Alisema ataita namba, kila mmoja aseme sentensi moja ili ajulikane yupo. Ambaye hajasikika hadi saa kumi na mbili na robo, leo hayupo. Kazi ya kwanza ya muhula ingetolewa pale pale, na asiyekuwepo angeikosa.

Akaanza. "Umesikika. Umesikika. Washa maiki, mama, umesikika." Alipofika thelathini na tano, picha zote zikaganda. Halafu kioo kikawa cheusi.

"Nini hiki?" Shemeji akauliza.

Maneno yakajitokeza. Nikayasoma kwa sauti kama nilivyofundishwa. "Umetoka darasani. Ungependa kurudi?"

"Sema ndiyo basi," Dada akasema.

Nikagusa. Kioo hakikunitambua. Nikafuta kidole, nikagusa tena. Saa kumi na mbili na dakika kumi na moja. Mkono wa Dada ukapita juu ya bega langu.

"Ngoja nikubonyezee, utachelewa."

"Mikono mgongoni, Dada."

"Wewe, muda unaisha."

"Nimesema mgongoni. Na wewe, Shemeji."

Wakarudisha mikono mgongoni, wote wawili, kama wanafunzi walioadhibiwa. Nikavuta pumzi, nikasali neno moja tu, nikaweka kidole bila kukikandamiza. Taratibu, kama alivyoniambia siku ya kwanza. Darasa likarudi.

"Thelathini na saba," Mkutubi alikuwa anasema. Niligundua baadaye kwamba aliiita mara nne. "Thelathini na saba, upo?"

"Nipo."

"Sema sentensi yako."

Nilikuwa nimeandaa sentensi ya hali ya hewa. Ikanipotea. Nilimwona kwenye kile kijumba, macho yamevimba kidogo, nami nikajua kwamba nikinyamaza sasa nitakuwa nimenyamaza mara ya pili.

"Mbele ya Mungu na darasa hili, na dada yangu na shemeji walio nyuma yangu, naahidi kwamba neno nitakalokupa litakuwa langu, hata likiwa bovu, na la kwako nitakalopewa halitasomwa na mtu mwingine."

Mwalimu alivua miwani akaifuta.

Dada akainama mbele ya kamera, mikono bado mgongoni. "Wifi," alisema, "mimi ndiye mkosaji. Nisamehe. Niliyoyasoma yatakufa na mimi."

"Sisi wengine tumesikia," Kamanda akasema polepole. Paji lake la uso lilikuwa limeinama.

Mkutubi alitazama chini kwenye daftari lake, kisha akatazama juu.

"Jana," alisema, "kioo changu kiliandika 'Fundi anaandika' kuanzia saa nane hadi saa kumi. Sikuinuka. Chai yangu ilipoa, nikaiacha. Nilikuwa na hofu ungefuta."

"Nilifuta mara nyingi," nilisema.

"Niliona." Akaweka alama kwenye daftari. "Umesikika, Fundi. Na mimi naahidi, watu arobaini wakinisikia: ukianza kuniandikia, hata ikichukua saa mbili, nitakaa pale pale mpaka umalize."